Kageye, Ukerewe au Lamadi: uchepukie wapi ukishika barabara ya Mwanza kwenda Musoma?

Kutoka Mwanza hadi Bunda, barabara ya Musoma inakwenda sambamba na Ghuba ya Speke, lakini anayechungulia dirishani haoni ziwa kiasi hicho. Anaona majabali, minyaa iliyozungushiwa miji ya watu, mashamba ya pamba, ng'ombe wanaovuka kwa wakati wao, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo kila penye kibao cha hamsini. Maji yanajitokeza mara mojamoja, kisha yanafichwa tena. Ndiyo maana wengi wanaopita hapa, wa kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, wa kurudi Tarime mwisho wa mwaka, wa kuvukia mpaka wa Kenya pale Sirari, hufika waendako wakiwa wamepita kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika bila kunawa hata mkono.

Wapo wanaomshauri msafiri abaki njia kuu, asichepuke; watanisamehe. Kwenye barabara hii kuchepuka kunalipa. Kazi ni kuchagua pa kuchepukia. Mgeni akiulizia kitongoji tulivu cha ziwani, kwa kawaida hutajiwa mahali penye picha nzuri, na picha haimsaidii kitu ikiwa saa kumi na mbili jioni bado yuko kwenye foleni ya kivuko na watoto wana njaa. Mimi huanza na saa. Ukijua una saa ngapi za kuachia, na kama usiku huo utalala njiani au la, uchaguzi unabaki mwepesi.

Nitaweka sehemu mbili uso kwa uso: Kageye, iliyo ng'ambo kidogo ya Kayenze upande wa Magu, na Ukerewe kwa kupitia Kisorya. Lamadi nitaigusa, maana wengi huiulizia, na mwishoni kuna neno kwa wanaoelekea upande wa pili kabisa, kwenye daraja la Kigongo hadi Busisi.

Njia ya kwenda, na hasa ya kurudi

Kageye inafikiwa bila kurudi ulikotoka, na hilo ndilo linaloipa alama nyingi kwangu. Badala ya kutoka mjini kwa Buzuruga, Igoma na Kisesa, unashika barabara ya uwanja wa ndege, unapita Igombe, unafika Kayenze, na ukiendelea mbele unakuja kuungana na barabara kuu pale Nyanguge. Umetembelea ziwa na wakati huohuo umeikwepa foleni ya Igoma. Kipindi cha masika, mwenye gari la chini aulize kwanza pale Igombe kwa madereva wa daladala hali ilivyo huko mbele. Wao hupita kila siku na hawana sababu ya kukupamba. Asiye na gari anafika Kayenze kwa daladala, na kutoka hapo bodaboda wanaijua Kageye.

Unachopoteza ni Bujora. Makumbusho ya Wasukuma iko Kisesa, kwenye ile njia nyingine, na mwezi Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, zinapochezwa na nyoka wakiwa mkononi, sidhani kama kuna mwalo, yaani pwani ya kushushia samaki, wa kushindana nayo. Ukisafiri msimu huo, pita Kisesa kwanza, Kageye ingoje safari nyingine.

Ukerewe ni habari nyingine. Unafuata barabara kuu hadi Bunda, unakata kushoto, unapita Bulamba, na kutoka Bulamba hadi Kisorya ni kilomita 51 za lami. Pale Kisorya nchi kavu inaisha, unapanda kivuko hadi Rugezi, kisha unaendesha hadi Nansio. Kuvuka kwenyewe si kwa muda mrefu. Kinachokula siku ni kusubiri. Fuso la mizigo likikutangulia, au siku ya gulio, gari lako dogo linaweza kubaki likikitazama kivuko kikiondoka. Na kurudi ni kwa njia ileile, kivuko kilekile. Kabla hujaipita Bunda, piga simu au uliza stendi kivuko cha mwisho cha jioni kinaondoka saa ngapi. Usikisie.

Kwa hiyo kwa saa tu, bila kutazama kitu kingine: Kageye ni ya nusu siku, Ukerewe ni ya kulala. Kwenda Ukerewe na kurudi siku hiyohiyo kwa gari kupitia Kisorya ni kujitesa. Utakumbuka kivuko kuliko kisiwa. Ukitaka Ukerewe bila kuendesha, liache gari Mwanza upande meli ya Nansio, kama saa tatu hivi majini, lakini hapo safari yako ya barabara umeikata vipande viwili. Kwa mtu anayeendelea Musoma hesabu hiyo haikai sawa.

Utulivu upi unautafuta?

Watu wanasema "kimya" kana kwamba ni kitu kimoja. Kageye na mialo ya jirani ni kimya mchana kwa sababu watu wamelala. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku: mitumbwi inatoka jua likizama, inawasha taa, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinashushwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za betri na sola zimeshika nafasi. Wanaume waliokesha hivyo, saa sita mchana huwakuti wakipiga soga chini ya mti. Unaowakuta macho ni kina mama wanaoanika.

Kwa hiyo ukifika Kageye saa saba mchana utasema hakuna kitu hapa. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi utakuta soko zima: ndoo, makelele, wachuuzi wa pikipiki wenye matenga, bei zinazobadilika kadiri mitumbwi inavyoingia. Mtu wa utulivu atapenda mchana, mtu wa maisha atapenda alfajiri, na kwa bahati nzuri Kageye iko karibu na mjini kiasi kwamba unaweza kulala Mwanza, ukaondoka alfajiri, ukaona vyote viwili kabla ya kushika njia ya Musoma.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wageni havisemi: tazama mwezi kabla ya kupanga. Siku za mwezi mpevu taa za wavuvi hazina nguvu, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi ya dagaa hubaki nchi kavu. Wavuvi wenyewe huhesabu mwezi kwa giza na mbalamwezi. Ukienda wakati wa giza, usiku utaona taa zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho, kama mji umehamia majini. Ukienda wakati wa mbalamwezi, utakuta watu wanashona nyavu na kuziba mitumbwi, wana nafasi ya kuzungumza na wewe. Vyote vizuri, ila ni safari mbili tofauti.

Utulivu wa Ukerewe ni wa namna nyingine. Kisiwa ni kikubwa, ndicho kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na watu wake wanalima kama wanavyovua: mihogo, viazi, mpunga, na machungwa ambayo msimu wake ukifika yanavushwa kwa magunia. Nansio yenyewe ni mji, ina pilikapilika zake. Lakini ukitoka nje, ukaelekea Bukindo ilipo ikulu ya zamani ya Mtemi Lukumbuzya, au Rubya kwenye msitu wa kupandwa unaoshuka hadi ziwani, unapata kimya cha shamba. Hakikatiki alfajiri, hakitegemei mwezi. Baiskeli, kuku, mtu anakusalimu kutoka uani. Rubya napaweka juu ya sehemu zote ninazozitaja hapa kwa mtu anayetaka kukaa tu, bila kuonyeshwa chochote.

Kama kilichokutoa nyumbani ni uchovu, Ukerewe inashinda bila mjadala. Kama ni udadisi, Kageye.

Yaliyopita hapa

Kageye leo ukiitazama hutaamini kwamba iliwahi kuwa lango la ziwa. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora ilikuwa ikishukia hapa, na mfanyabiashara Mwarabu, Sungoro Tarib, alikuwa na makazi yake hapa na biashara ya kuvusha mizigo kwa majahazi. Tarehe 27 Februari 1875 Henry Morton Stanley aliingia kijijini akitokea pwani, akiwa amebebesha wapagazi mashua yake, Lady Alice, vipande vipande. Ikaunganishwa hapa. Tarehe 8 Machi akaondoka nayo kulizunguka ziwa, akarudi mwanzoni mwa Mei akiwa na jibu la hoja iliyokuwa ikiwagombanisha wataalamu wa Ulaya: ni ziwa moja, si madimbwi kadhaa. Aliporudi alikuta kijana wake mmoja wa Kiingereza, Frederick Barker, amekwisha kufa palepale Kageye.

Historia ya wapagazi waliobeba zile mbao haina makaburi yenye majina. Hilo ukiwa Kageye ulikumbuke, kwa sababu mwenyeji atakayekutembeza ataanza na wazungu, ndivyo wageni walivyomzoesha. Mwulize habari za pembe na watumwa pia, na za Kaduma, aliyekuwa akitawala hapa Stanley alipofika.

Ukerewe inaungana na hadithi hiyohiyo kwa upande wa giza. Desemba 1877 Luteni Shergold Smith na O'Neill, wamisionari wa Kianglikana, waliuawa kisiwani pamoja na Sungoro yuleyule, katika ugomvi wa Sungoro na Mtemi Lukonge. Kwa hiyo anayezipita sehemu zote mbili anapata mwanzo na mwisho wa mtu mmoja. Lakini nisikudanganye: kwa historia inayosomeka ardhini kwa saa mbili, Kageye inatosha, na Ukerewe hauendi kwa ajili hiyo.

Kula na kulala

Hapa Kageye inaanguka. Usitegemee hoteli. Utapata chai, maandazi, na ukimwomba mama wa mgahawa mapema atakukaangia sato aliyetoka majini muda huohuo, kwa ugali. Kulala, rudi Mwanza au songa mbele Magu. Nansio kuna gesti za kutosha kwa bei ya watu wa kawaida, na chakula cha kisiwani ni ugali wa muhogo, sato, dagaa wabichi, matunda. Beba pesa taslimu za chenji kote kuwili. Mtandao wa simu upo, ila wakala anaweza kukuambia hana salio la kutoa.

Kununua samaki wa kubeba ni jambo ambalo wasafiri hulifanya kwa furaha na kujuta kwenye kizuizi. Sangara anayeruhusiwa ni kuanzia sentimita 50, sato kuanzia 25. Ukiuziwa vidogo kwa bei ya kutupa, anayekamatwa navyo barabarani ni wewe, muuzaji amebaki mwaloni. Dagaa ni salama zaidi, na hapo angalia walivyoanikwa: wa kwenye chanja hawana mchanga, wa kwenye mchanga utawasuuza hadi uchoke. Wa chanja wanazidi bei kidogo na wanastahili.

Majini

Sehemu zote mbili zina kichocho, na mwenyeji atakayekuambia maji ya kwao ni masafi anasema kwa mapenzi ya kwao. Konokono wanaobeba vimelea hukaa palepale panapovutia kuingia: maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na watu. Mtoto akichovya miguu kwa dakika kumi inatosha kumwambukiza. Ukiingia, baada ya wiki kadhaa nenda ukapime. Dawa yake, praziquantel, ipo na si ghali. Kuhusu mamba na viboko, waulize wavuvi wa mwalo huohuo, na jibu lao ulichukue kama lilivyo. Wakisema hapa hatuogi, usiulize kwa nini.

Kuhusu kupanda mtumbwi, asubuhi ziwa huwa limelala, mchana upepo unaamka na mawimbi nayo. Vaa boya hata kama wewe peke yako ndiye uliyevaa. Ukanda huu umezika watu wengi: MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Bwisya, Ukara, kikiwa kimejaza kupita uwezo, watu zaidi ya 200 wakafa. Ukiwa Ukerewe utavutwa kwenda Ukara kuliona jiwe linalocheza. Nenda, ila chombo kikijaa kaa chini usubiri kinachofuata. Hili ni sababu nyingine ya kutokwenda Ukerewe kwa haraka: mwenye haraka hupanda chombo kilichojaa.

Lamadi kwa kifupi

Lamadi inapendwa kwa sababu iko barabarani na lango la Ndabaka liko jirani. Kwa aliyepanga kuingia Serengeti asubuhi ya kesho yake, kulala ukanda huu ni akili. Malazi ya kila daraja yapo, ya gesti za njia panda hadi kambi za kitalii zinazotazama ghuba. Lakini kama kitongoji tulivu, hapana. Ni njia panda ya Bariadi, ina malori, ina vumbi, ina muziki wa baa. Ziwa unalipata kwa kuingia ndani kidogo, na ukiingia usiku kumbuka tembo wa hifadhini huvuka kuja mashambani. Ukiwa na ramani ya zamani, isikupeleke Nyatwali upande wa Bunda kutafuta kijiji: wakazi wa kata ile walitakiwa kuhama ili wanyama wafike ziwani.

Kama unaelekea Sengerema na Geita

Tangu Daraja la JP Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 za maji kati ya Kigongo na Busisi zinapitwa kwa dakika chache. Kivuko kilikuwa kinakulazimisha kusimama, ukala samaki, ukazungumza na mtu usiyemjua. Daraja halikulazimishi. Kwa hiyo anayetaka kuchepuka upande huo lazima aamue mwenyewe, na mimi ningeamua kushuka Busisi, gari likapumzika, nikanywa chai nikilitazama daraja kutoka chini; kutoka juu huoni kitu zaidi ya kingo. Kwa utulivu wa kweli itabidi uingie ndani hadi mialo ya Buchosa, na hapo tunarudi kwenye hesabu za Ukerewe: ni ya kulala.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo na siku moja ya kuachia: Kageye, muondoke Mwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa nne muwe Nyanguge. Wawili wasio na ratiba: Ukerewe, usiku usiopungua mmoja, na ningesema miwili. Dereva aliye peke yake anayetoka Sirari na kufika Bunda baada ya saa nane mchana asikate kushoto wala kulia, alale Lamadi au amalizie Mwanza, kisha Kageye aiendee kesho yake akiwa mwepesi. Mpenzi wa picha achague kwa mwezi, kama nilivyosema, na asiinue kamera mwaloni kabla ya kuwaona viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, au mwenyekiti wa kitongoji. Nyavu zinazoanikwa si zote ambazo mwenyewe angependa zionekane, na mgeni mwenye kamera huhisiwa ni wa serikali.

Salamu nazo zifanye kazi yake. Upande wa Kageye, "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" mchana hukufungulia milango kuliko noti. Mzee ni shikamoo kokote uendako. Akishaitikia marahaba, mwambie umetoka wapi na unakwenda wapi kabla hajauliza, ndipo umwombe mtu wa kukuonyesha njia.